Miaka Mitano ya Maji ya Mama Mounira

"Mama Mounira, kwa nini ulikuwa unapima maji wakati hakuna hata boti moja inapita?"

Hilo njo swali nililomuuliza nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mama yangu alikuwa amenituma kurudisha sufuria, nikamkuta Mama Mounira ameketi kwenye mkeka mbele ya mlango, ametoa kaye nne, daftari za zamani, ndani ya sanduku la bati na kuzianika juani, kwa sababu paa lake lilikuwa limeanza kuvuja. Zilikuwa kaye za chuo cha Kurani, kama zile ambazo watoto wa Kiislamu wanaandikia masomo yao. Kurasa zote zilijaa namba za Kiarabu, mstari chini ya mstari. Nikauliza ni nini. Akasema ni maji. Nikauliza maji ya lini. Akasema ya vita. Ndipo nikauliza lile swali.

Alinitazama kidogo, akageuza ukurasa mmoja ili nao upate jua.

"Nathalie, mama yako anangoja mufuniko wa ile sufuria," akasema. "Uko pale juu ya ukuta. Chukua, wende."

Nilichukua mfuniko, nikaenda.

Mama Mounira ni jirani yetu hapa Mikelenge, mtaa wa Kindu; kati ya nyumba yake na yetu kuna mistari mitatu ya mihogo tu. Kazi yake ni kusoma mto. Kila asubuhi, hata Jumapili, hata siku ya Idi, anashuka bandarini na mwavuli wake wa kijani, anasimama mbele ya ubao mrefu wenye namba uliosimamishwa ndani ya maji ya Lualaba, anaangalia maji yamefika wapi, anaandika. Kisha anapanda hadi biro, ofisi ya huduma ya mto, karibu na kituo cha treni, anaingiza namba ile ndani ya ordinateri, yaani kompyuta. Yote ni dakika ishirini. Lakini ni dakika ishirini za kila siku, na ameshazifanya zaidi ya miaka makumi mbili. Nilimuuliza siku moja kama hajawahi kuruka siku. Akaniambia unaweza kulipa deni la kila kitu, lakini siku uliyoiruka hakuna mahali pa kuinunua.

Kabla yake kazi ilikuwa ya mume wake, Djamali. Mimi sikumjua, nilikuwa sijazaliwa. Najua tu alichoniambia Mama Mounira: alikuwa mrefu, mwembamba, wa maneno machache, na alitia sukari ndani ya chai mpaka kijiko kilisimama. Alipougua homa, mke wake njo alishuka bandarini mahali pake. Djamali alimfundisha kuinama mpaka macho yawe sawa na maji, kwa sababu anayesoma amesimama anaongeza sentimita mbili ambazo mto hauna. Alimwonyesha pia msalaba mdogo uliochongwa kwenye saruji ya gati, chini kabisa, pale sifuri ya ubao inapoanzia. Watu wa biro wenyewe hawakujua habari ya ule msalaba.

Mwezi wa tisa 1998 Djamali alitumwa Lokandu, kuelekea chini ya mto, kutengeneza ubao wa kule. Ilikuwa safari ya siku nane. Alimwachia mke wake kalamu na kaye ya kazi, akapanda boti. Siku nane zikapita, zikawa majuma matatu. Boti halikurudi. Vita vilikuwa vimefika Kindu. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi Mama Mounira alishuka na kukuta askari wamefunga njia ya bandari kwa kamba na mapipa, na mmoja wao akamwonyesha kwa kidole njia ya kurudi. Namba ya mwisho aliyokuwa ameandika pale, jana yake, ilikuwa mita moja na sentimita ishirini na saba.

Sasa, hapa Mikelenge kuna mahali pengine pa kushukia mtoni. Ni ngazi za saruji zilizojengwa zamani na watu wa treni, na chini yake mawe yaliyoongezwa na wanawake wenyewe. Pale njo tunaoshea vyombo na nguo. Wakati ule wanaume walikuwa wanajificha, kwa sababu aliyeonekana njiani alibebeshwa mizigo na kupelekwa porini. Wanawake waliachwa washuke. Askari nao walikuwa na nguo chafu.

Kesho yake Mama Mounira akashuka pale na masufuria yake, na Zawadi, binti yake wa miaka minne, mgongoni. Akaosha vyombo, akahesabu ngazi, akarudi nyumbani. Kaye ya kazi ilikuwa na muhuri wa serikali, na mtu akikutwa nayo angeulizwa anapimia mto boti za nani. Kwa hiyo alichukua kaye ya chuo, akaandika tarehe na namba kwa Kiarabu, namna alivyofundishwa utotoni. Kaye ile alikuwa anaiviringisha ndani ya nguo chafu. Siku ya pili akashuka tena. Alifanya hivyo miaka karibu mitano.

Alishikwa mara moja tu. Askari kijana alikuwa anapekua mabeseni ya wanawake juu ya ngazi, akaona kaye.

"Njo nini hii?"

"Masomo ya mutoto, baba. Ya chuo."

"Mutoto gani?"

"Huyu."

Askari akamtazama Zawadi, aliyekuwa anajaribu kuvaa sufuria kichwani. "Huyu njo anaandika hivi? Mimi niko na miaka makumi mbili na tatu, sijui kuandika hata jina langu."

"Utajua, baba. Bado uko kijana."

Alifungua ukurasa mmoja, akafungua mwingine, akarudisha kaye ndani ya beseni. Halafu akachukua kipande cha sabuni kilichokuwa chini yake. "Hii njo nilikuwa ninatafuta," akasema, akaenda zake. Mama Mounira anapoisimulia hadithi hii analalamikia sabuni tu.

Mwezi wa saba 2003 mto ulifunguliwa. Boti la kwanza kutoka Lokandu lilileta mtu wa huduma ya mto mwenye mfuko wa Djamali mkononi. Djamali alikuwa amekufa kwa homa, mwezi wa tatu tangu aondoke, na amezikwa kule kule Lokandu karibu na msikiti. Maana yake alikuwa amekwisha kufa tangu mwisho wa 1998. Kaye ya nne nimeiona. Siku ya habari ile nayo ina namba yake: kumi na moja.

Watu wa huduma walikuja na ubao mpya, kwa sababu wa zamani ulikuwa umekwenda kwenye moto wa kupikia wa askari. Lakini hakuna aliyejua sifuri ilikuwa wapi. Mama Mounira alishuka nao, akakwangua matope kwa kisu cha jikoni, akawaonyesha msalaba. Basi wakampa kazi. Alipowaletea kaye zake nne, shefu wa wakati ule alizifunua, akamwambia hawezi kuingiza namba za msikiti ndani ya kitabu cha serikali. Zikarudi kwenye sanduku la bati.

Ordinateri ilifika biro yapata miaka minane iliyopita, na pamoja nayo Dieumerci, fundi wa mashine, mtu wa watoto watatu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye njo alimfundisha Mama Mounira, aliyekuwa na miaka arobaini na sita na hajawahi kugusa kitu kile. Mimi nimeona mengi ya masomo yao, kwa sababu biro iko njiani nikitoka shule, na wana umeme wa jua wa kuchajia simu.

Mwanzo Dieumerci alimwonyesha namna ya kuchora mstari. Unachagua safu ya tarehe na safu ya vipimo, unabonyeza, mashine inapanga siku kutoka kushoto kwenda kulia na maji kutoka chini kwenda juu, halafu inaunganisha. Mama Mounira akautazama ule mstari mwembamba.

"Hii ni kamba ya kuanikia nguo," akasema. "Maji yenyewe iko wapi?"

Dieumerci akabonyeza mahali pengine, na chini ya mstari pote pakajaa rangi, mpaka kwenye sifuri. Kwa Kifaransa ina jina lake refu. Mama Mounira aliiita picha ya kujaza, na leo biro nzima inaiita hivyo. Akaipenda palepale. Unaona mto una tumbo mwezi wa ine na umekonda mwezi wa tisa, bila kusoma namba hata moja. Kitu kimoja tu kilimkera: mashine ilikuwa imejaza bluu. "Nani alishaona Lualaba ya bluu?" Akatafuta ndani ya rangi zote mpaka akapata kahawia ya chai yenye maziwa.

Makosa yalikuwepo. Siku moja alitaka kulinganisha miaka miwili, akachagua ile aina inayopanga rangi juu ya rangi, na mto ukafika karibu mita nane.

"Mama, umepandisha mwaka mumoja kwenye mabega ya mwenzake," Dieumerci akamwambia. "Kindu yote imekufa maji."

"Na wewe njo wa kwanza, maana nyumba yako iko ndani ya shimo."

Alijifunza kuweka mwaka wa maji mengi nyuma na wa maji kidogo mbele, na kuifanya rangi ya mbele iwe nyepesi ili isifunike nyingine. Alijifunza kuilazimisha picha ianzie sifuri, kwa sababu mashine ikiachwa inapenda kuanzia katikati, na hapo kipimo kidogo kinaonekana kama mto umekauka. Kufikia mwaka jana Dieumerci alikuwa anamwita yeye aje kuangalia kabla ya kuchapa.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, Shefu Désiré, mkubwa wa biro, alipata agizo. Wahandisi wa gati mpya walitaka picha moja ya mto tangu 1990 mpaka leo, ili wajue gati lijengwe urefu gani. Ilikuwa Jumatatu, picha ilipaswa kutumwa Alhamisi saa nne. Dieumerci akaitengeneza. Mimi nilikuwa pale, simu yangu ikiwa ukutani. Picha ikatokea: miaka minane ya kahawia, matumbo na mabonde, halafu ukuta. Mwezi wa kumi 1998 maji yakaanguka mpaka sifuri, yakabaki chini kabisa, mwezi wa saba 2003 yakapanda tena kwa mara moja. Safu zile zilikuwa tupu, na mashine ikikuta utupu inaweza kuuhesabu kuwa sifuri.

Mama Mounira alikuwa amesimama nyuma ya kiti.

"Muto haukukauka," akasema.

"Tunajua, mama," Shefu Désiré akajibu. "Hakuna namba, njo hivyo tu. Dieumerci atakata hiyo sehemu, aunganishe huku na huku."

"Atakata nini? Hiyo miaka niko nayo nyumbani."

Akaeleza habari ya kaye. Désiré ni mtu mwenye haraka, si mtu mbaya. Alisikiliza amesimama, funguo za pikipiki mkononi. "Sawa. Iingizeni. Ikifanana na muto, inabaki. Isipofanana, tunakata, na hatutaizungumza tena. Sitaki wahandisi wanicheke."

Sijawahi kumwona Mama Mounira akiomba kitu pale biro, hata kiti. Alitembea kwenda nyumbani na kurudi na kaye zake kwa muda ambao mimi siwezi kutembea upande mmoja.

Dieumerci hakujua kusoma namba za Kiarabu, kwa hiyo Mama Mounira alisoma kwa sauti na yeye akapiga. "Tarehe saba, kumi na tano. Tarehe nane, kumi na tano. Tarehe tisa, kumi na ine." Ilichukua Jumatatu yote iliyobaki na Jumanne asubuhi. Sauti ilimkauka, akanywa maji, akaendelea. Mwishoni Dieumerci akauliza ngazi moja ina urefu gani. Akamwonyesha kwa mkono. "Sentimita makumi mbili." Dieumerci akaiamuru mashine izidishe kila namba kwa makumi mbili, akachora.

Jumanne mchana nilipofika walikuwa wote watatu mbele ya mashine, na Désiré alikuwa anacheka, si kwa ubaya.

"Mama Mounira, huu muto wako ni wa nchi gani? Mwezi wa tisa unajaa, mwezi wa ine unaisha. Mvua inanyesha, wenyewe unapungua."

Ilikuwa kweli. Kabla ya vita tumbo la mto lilikuwa mwezi wa ine, baada ya vita vilevile. Katikati, miaka yote ile, lilikuwa mwezi wa tisa. Tena kwenye mshono palikuwa na ngazi nyingine ya ajabu: jana mto uko mita moja na ishirini na saba, leo uko mita tatu kamili. Na mwezi wa ine wa mwaka 2000, siku tatu nzima, mto ulikuwa sifuri.

"Sisemi umesema uongo," Désiré akasema, akipunguza sauti. "Wakati ulikuwa mubaya. Uko peke yako na mutoto, njia imefungwa. Siku nyingine muntu anaweza kuandikia nyumbani, namna anavyokumbuka. Kila muntu anaelewa hiyo."

"Sikuandikia nyumbani."

"Sawa, mama."

"Sikuandikia nyumbani hata siku moja."

"Sawa. Lakini Alhamisi ninatuma. Dieumerci, utakata."

Mama Mounira alifunga kaye ndani ya kikwembe chake cha kitenge. Tulitembea pamoja mpaka kwenye mihogo yetu, mimi nikimbebea mwavuli. Alipofika mlangoni mwake alisahau mwavuli mkononi mwangu.

Jumatano sikuwa na shule mchana. Nilikwenda ngazini kuosha vyombo vyetu, na yeye alikuwepo, ameinama juu ya sufuria moja ambayo ilikuwa imekwisha kung'aa. Gisèle, yule anayeuza mikate ya mafuta karibu na soko, alikuwa anapanda na beseni kichwani. Mwanamke mwingine aliyekuwa bado juu akamwuliza, "Gisèle, leo ngazi ngapi?"

"Tisa tu. Nimeponyeka. Mwezi uliopita zilikuwa kumi na ine, nilizani nitavunjika mugongo."

Mama Mounira aliacha kusugua. Akageuka, akatazama ngazi. Akaanza kuhesabu kutoka juu, kidole kikishuka: moja, mbili, tatu, mpaka kikafika kwenye maji. Tisa.

"Nathalie," akasema, "ngazi zote pamoja ziko ngapi?"

"Sijui, mama."

"Nani anajua? Gisèle, ngazi zote ziko ngapi?"

"Ninahesabu zile ninapanda," Gisèle akajibu kutoka juu. "Za ndani ya maji ni za samaki."

Kwetu njo hivyo. Pale ngazini mtu akisema saba, ni saba kavu, zile utakazopanda na mzigo kichwani. Ngazi zilizo chini ya maji haya ya matope hakuna anayeziona, na hakuna anayezihesabu. Mama Mounira alikuwa ameandika kama wanawake wote wa pale wanavyosema, na miaka makumi mbili na tano baadaye akasoma kama alivyoandika. Dieumerci, ambaye nguo zake zinaoshwa na mke wake, alisikia "ngazi kumi na tano" akaelewa maji yamepanda ngazi kumi na tano. Namba kubwa ilikuwa maji kidogo. Na zile siku tatu za sifuri ni siku ambazo hapakuwa na ngazi kavu hata moja.

Mama Mounira aliketi juu ya jiwe. Nilifikiri atalia. Alisema tu, "Ninaoshea hapa tangu nilipoolewa," akatoa simu kwenye kifundo cha kikwembe, akampigia Dieumerci, akamwambia alete futi ya kupimia na asivae suruali nzuri.

Dieumerci alifika akihema. Alipoelezwa, alishika kichwa. Kisha akavua viatu na kuingia majini, akitafuta ngazi kwa miguu, huku Mama Mounira ameshika futi kwa juu. Walipima kila moja, kwa sababu saruji ya watu wa treni iko sawa lakini yale mawe ya chini kila moja lina urefu wake. Maji yalimfika kifuani, na zile za mwisho alizipima kwa kuzamia.

"Dieumerci," Gisèle akasema, maana alikuwa ameshusha beseni ili aone vizuri, "serikali imeanza kuoga mchana?"

"Ninafanya kazi, mama."

"Fanya. Lakini sabuni iko huku."

Walipata ngazi kumi na tisa. Asubuhi ile bandarini Mama Mounira alikuwa amesoma mita mbili na nusu, na hapa ngazi tisa zilikuwa kavu. Zile tisa zilikuwa na mita moja na sentimita themanini. Kwa hiyo kichwa cha ngazi ya kwanza kilikuwa sawa na mita nne na sentimita thelathini za ubao wa bandari. Kilichobaki ni kutoa: unaanzia mita nne na thelathini, unaondoa urefu wa ngazi kavu za kila siku, kinachobaki ni maji. Dieumerci aliandika hesabu ile kwenye mkono wake kwa kalamu, kwa sababu karatasi ililowana.

Alhamisi nilichelewa shule, nitasema ukweli. Nilipita biro saa moja na nusu. Dieumerci alikuwa amekwisha kubadilisha hesabu. Aliminya kitufe na kahawia ikapanda kutoka kushoto: 1990, 1991, mpaka 1998, na haikuanguka. Iliingia vitani, ikapita tumbo moja mwezi wa ine, likafuata bonde mwezi wa tisa, tumbo jingine, bonde jingine, ikatoka upande wa pili. Kama hukujua mahali vita vilipoanzia, usingeweza kuonyesha.

Désiré aliingia na funguo zake. Hakutazama matumbo. Alienda moja kwa moja kwenye mshono, akaikuza picha mpaka siku moja moja zikaonekana. Siku ya mwisho bandarini, mita moja na ishirini na saba. Siku ya kwanza ngazini, mita moja na thelathini. Akaenda upande wa 2003. Siku ya mwisho ngazini, mita mbili na kumi. Siku ya kwanza ya ubao mpya, mita mbili na nane.

"Sentimita tatu," akasema. "Na huku mbili."

Alikaa kwenye kiti, jambo ambalo halifanyi. Akarudi kwenye mwezi wa ine wa mwaka 2000, zile siku tatu. Sasa zilikuwa kileleni mwa picha nzima: hakuna maji mengine, tangu 1990, yaliyofika pale.

"Kama tungekata," akamwambia Dieumerci, "gati lingejengwa chini ya haya maji." Kisha akageuka. "Mama, lile neno nilisema. La kuandikia nyumbani. Unisamehe."

"Neno gani?" Mama Mounira akasema. "Tuma picha, saa inakwenda."

Désiré alitaka miaka ile ipewe kahawia nyepesi kidogo na chini yake paandikwe zilipimwa wapi, ili wahandisi wajue. Dieumerci akauliza aandike nini. Mama Mounira alifikiri, kisha akamwambia polepole, kama alipokuwa anamsomea kaye: "Andika: ngazi za Mikelenge. Musomaji, Mounira, bibi ya Djamali." Saa nne kasoro dakika kumi picha ikatumwa.

Dieumerci alimchapia moja ya kwake. Mchana nilimpitia, tukarudi pamoja, yeye akiwa ameishika karatasi chini ya mwavuli ingawa hapakuwa na mvua wala jua kali. Mbele ya mlango wake alitandika mkeka, akaiweka juu yake, akaitazama sana ile sehemu nyepesi.

"Wewe ulikuja siku moja na sufuria," akasema. "Ukaniuliza swali."

"Ulinipa mufuniko."

"Nilikupa mufuniko." Akapitisha kidole juu ya mstari, kutoka mwezi wa kumi 1998 mpaka mwezi wa saba 2003. "Djamali akitoka safari, hakuulizaka mutoto iko muzima ao tumekula nini. Anasimama tu mulangoni, mufuko ungali mukononi, anauliza: maji iko ngapi? Niliogopa arudi, aulize, na mimi nikose jibu."